Kalkulasi kiasi gani inatosha kuchora maji ya Tanganyika usiku?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo Ujiji, nimemaliza Kidato cha Nne, Hisabati nina C. Nataka kutengeneza gemu ya uvuvi wa dagaa usiku: mitumbwi, taa na maji yanayocheza. Nina laptopu ya zamani ya RAM 4 na simu ya Android. Kaka yangu aliyesoma PCM anasema nisijisumbue mpaka nimalize kalkulasi yote ya kidato cha tano na sita. Ni kweli? Kama si kweli, nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako amesema nusu ya ukweli. Kalkulasi utaihitaji, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ila huihitaji yote, na hulazimiki kufuata mpangilio wa mtihani. Mtihani wa advansi unapima kama unaweza kulipata jibu kwa mkono, na kompyuta haikuombi msaada huo. Kazi yako ni kujua kitu gani kinabadilika kwa kufuata kipi, na kwa kasi gani. Zile kurasa za mbinu za kutafuta integrali ngumu kwa kalamu zinaweza kusubiri mwaka mzima bila gemu yako kupungukiwa chochote.

Kisichoweza kusubiri ni vekta na trigonometria, na hizo umeshakutana nazo. Jipime: vekta (3, 4, 0) ina urefu gani, na ukiigawa kwa urefu wake inakuwa nini? Kama majibu 5 na (0.6, 0.8, 0) hayakukutoka haraka, rudi kwenye daftari la Kidato cha Nne kwa wiki chache kwanza. Ujue pia kuzidisha vekta mbili kwa nukta, na kwamba vekta zikiwa na urefu wa 1, jibu lake ni kosini ya pembe iliyo kati yao. Halafu zoea radiani. Lugha za programu hazijui nyuzi: ukiandika sin(30) utapata −0.988, si 0.5. Tena derivativu ya sini, yaani kasi yake ya kubadilika, ni kosini pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Kwa nyuzi kuna 0.01745 ya kuzidisha kila mara, na ukiisahau mawimbi yako yatakuwa na mwanga usioeleweka umetoka wapi.

Sasa tuingie majini. Mandhari uliyochagua ina faida moja ya kiufundi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa hupumzika kwa sababu taa zao hazivuti samaki vizuri. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba hakuna jua, hakuna mwezi, hakuna anga la buluu la kuakisi. Kuna taa tu. Hesabu zako za mwanga zinapungua sana.

Anza na wimbi moja linalosafiri upande wa x:

h = A sin(kx − ωt)

Hapo h ni kimo cha maji mahali x, wakati t. A ni nusu ya tofauti kati ya mgongo na bonde la wimbi. k ni 2π ukigawa kwa urefu wa wimbi, yaani umbali wa mgongo mmoja hadi mwingine. ω ni kasi ya wimbi kuyumba, kwa radiani kwa sekunde. Usiibuni: kwenye maji ya kina kirefu ni kipeuo cha pili cha g × k, na g, mvutano wa dunia, ni 9.81. "Kina kirefu" hapa ni kina kinachozidi nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo Tanganyika, yenye mita 1,470 pale panapozama zaidi, haitakusumbua isipokuwa ukingoni kabisa mwa ufukwe.

Weka namba. Wimbi la mita 4 lina k ya 1.571 na ω ya 3.93 radiani kwa sekunde. Mgongo unapita kila sekunde 1.6, na wimbi linasafiri mita 2.5 kwa sekunde. Kiwimbi cha sentimeta 20 kina k ya 31.4 na ω ya 17.6, na kinasafiri mita 0.56 tu kwa sekunde. Mawimbi marefu hukimbia kuliko mafupi. Wanaoanza huyapa yote ω moja, wakapata maji yanayopepea kama shuka kwenye kamba. Jicho la mtu aliyekulia ziwani litaikataa picha hiyo hata kama mwenyewe hawezi kusema kosa liko wapi.

Halafu mteremko. Derivativu ya h kwa kufuata x ni:

Ak cos(kx − ωt)

Hiyo k iliyotoka nje kwa kanuni ya mnyororo (kuzidisha kwa derivativu ya kilicho ndani ya mabano) ndiyo inayobeba jibu langu lote. Wimbi kubwa lenye A ya mita 0.15 lina mteremko usiozidi 0.15 × 1.571, yaani 0.236, karibu nyuzi 13. Kiwimbi chenye A ya mita 0.01 kina 0.01 × 31.4, yaani 0.314, zaidi ya nyuzi 17. Kimo kimepungua mara 15, lakini mteremko umeongezeka. Na mwanga haujali kimo, unajali mteremko. Ndiyo maana maji ya gemu nyingi za wanaoanza yanapanda na kushuka vizuri na bado yanafanana na plastiki: mtengenezaji alishughulikia kimo, viwimbi akaviona vidogo mno akaviacha. Kama ungejifunza jambo moja tu katika kalkulasi, lingekuwa hili.

Kuna ukomo, lakini. Wimbi halisi huvunjika kimo chake chote, mgongo hadi bonde, kikikaribia 1/7 ya urefu wake. Kwa hiyo A isizidi 1/14 ya urefu wa wimbi. Ukizidisha hapo unachora kitu ambacho maji hayawezi kufanya.

Ziwa halina upande mmoja, kwa hiyo utahitaji derivativu mbili, moja kwa kufuata x na nyingine kwa kufuata z, kila moja ikichukuliwa huku nyingine imesimama. Jina lake darasani linatisha kuliko kazi yenyewe. Kwa wimbi linaloelekea upande (a, b), ambapo a na b zinaunda vekta ya urefu wa 1, kimo ni A sin(k(ax + bz) − ωt); derivativu ya x inapata a ya ziada mbele, ya z inapata b. Mawimbi yakiwa sita, jumlisha derivativu sita. Hakuna zaidi.

Kutoka hapo unapata nomali, yaani vekta inayosimama wima juu ya uso wa maji mahali hapo. Kama y ndiyo juu, nomali ni (−hx, 1, −hz), hx na hz zikiwa zile derivativu mbili, kisha igawe kwa urefu wake. Alama za kutoa zina sababu: uso ukipanda kwenda mbele, nomali yake inalalia nyuma. Ukizisahau, taa ya kulia itaangaza upande wa kushoto wa kila wimbi na mabonde yataonekana migongo. Ukisahau kugawa kwa urefu, maji yatang'aa kupita kiasi kwenye miteremko mikali, kosa ambalo watu hulitafuta kwenye taa siku nzima.

Tuone tofauti kwa namba. Taa iko kulia juu kwa nyuzi 45, vekta ya kuielekea ni (0.707, 0.707, 0). Kwenye mteremko mkali kabisa wa lile wimbi kubwa, nomali ni (−0.229, 0.973, 0) upande ulioipa taa kisogo, na (0.229, 0.973, 0) upande unaoitazama. Zidisha kwa nukta: 0.526 na 0.850. Maji yaliyotulia yangekupa 0.707. Kutoka wimbi moja la sentimeta 30 umepata pande mbili ambazo mmoja una mwanga mara 1.6 ya mwenzake.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa mbao za mtumbwi, nyavu, mchanga na ngozi ya mvuvi, vitu vinavyotawanya mwanga. Maji hutenda zaidi kama kioo, na hapo mteremko unakuwa na nguvu maradufu: kioo kikiinama nyuzi 13, mwali unaoakisiwa unageuka nyuzi 26. Kiasi kinachoakisiwa nacho hakilingani pande zote. Ukitazama maji moja kwa moja chini, yanaakisi asilimia 2 tu. Kwa pembe nyingine, tumia makadirio ya Christophe Schlick ya mwaka 1994: 0.02 + 0.98 × (1 − c) kwa kipeo cha 5, c ikiwa kosini ya pembe kati ya nomali na jicho. Kwa pembe ya nyuzi 80 inatoa karibu 0.40. Ndiyo sababu ukiinama ndani ya mtumbwi unaona chini ya maji karibu na taa, lakini ukitazama mbali unaona taa za wenzako tu.

Simama ufukweni Kibirizi au Katonga usiku mitumbwi ikiwa imetoka. Taa ya mbali haionekani majini kama nukta moja, inavutwa kuwa mstari mrefu unaokuja kwako. Kila kiwimbi chenye mteremko unaofaa kinakurushia mwali wake. Huo mstari ndio kipimo chako cha kazi. Ukiona taa majini ni duara dogo, miteremko yako ni midogo mno. Mwanga ukitapakaa ziwa zima, ni mikubwa mno. Wanasayansi wa bahari Charles Cox na Walter Munk walilifanya jambo hili kwa kurudi nyuma: mwaka 1954 walichapisha vipimo vya miteremko ya bahari walivyovipata kwa kuchunguza mng'ao wa jua katika picha zilizopigwa kutoka angani. Wao walitoka kwenye mwanga kwenda kwenye mteremko, wewe unatoka kwenye mteremko kwenda kwenye mwanga.

Utakutana na fomula ambazo derivativu yake hutaki kuitafuta kwa mkono. Tumia tofauti ya pande mbili, e ikiwa hatua ndogo: chukua h kwenye x + e, toa h kwenye x − e, gawa kwa 2e. Swali ni e iwe ngapi, na hapa wengi huanguka kwa sababu darasani waliambiwa e inakwenda sifuri. Kwenye kompyuta ikienda sifuri unapata takataka. Namba za biti 32 zina tarakimu kama saba zenye maana. Karibu na 10, hatua ndogo kabisa ni karibu 0.00000095. Ukiweka e ya 0.00000001, x + e inabaki kuwa x, mteremko unakuwa sifuri, maji yanakuwa bapa. Kwa viwimbi vya sentimeta 20, e ya mita 0.005 inatoa kosa la asilimia 0.4 hivi, na hakuna jicho litakaloliona.

Kwenye simu yako tatizo ni kali zaidi. Sheda (programu ndogo za kuchora zinazoendeshwa na chipu ya picha) nyingi za simu hutumia namba za usahihi wa kati, ambazo mara nyingi ni za biti 16. Namba hizo zikifika kati ya 1,024 na 2,048 hatua yake ni 1 nzima. Sasa ω ni 3.93; baada ya dakika tano ωt imefika karibu 1,180. Wimbi haliendi tena, linaruka radiani nzima kwa mara moja. Gemu inaanza laini, ikifika dakika ya tano maji yanatetemeka, na kwenye laptopu hulioni kosa hilo kamwe. Dawa: hesabu ωt ya kila wimbi peke yake upande wa prosesa kuu, ondoa mizunguko kamili ya 2π, ndipo uipeleke kwenye sheda. Usiondoe mizunguko kwenye t yenyewe, kwa sababu kila wimbi lina ω yake na utapata mruko mwingine mahali pengine.

Mtumbwi sasa. Unayumba juu na chini, na mchapuko wake unategemea umezama kiasi gani. Kwa lugha ya kaka yako hii ni ikwesheni ya diferensiali. Kwako ni mistari miwili inayorudiwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, dt ikiwa muda wa hatua moja:

kasi = kasi + mchapuko × dt
mahali = mahali + kasi × dt

Mpangilio huo una maana. Kasi kwanza, na mahali patumie kasi mpya. Ukitumia kasi ya zamani, ambayo ndiyo njia ya Euler inayofundishwa kwanza, kila hatua inaongeza nishati kidogo ambayo haipo. Kwa mtumbwi unaoyumba kwa ω ya 4 na fremu 60 kwa sekunde, mayumbo yanakua asilimia 14 kila sekunde. Baada ya sekunde kumi yamefika karibu mara nne, na mtumbwi unaruka hewani. Watu hutibu hili kwa kuongeza msuguano mpaka mtumbwi unakuwa mzito kama gogo, ilhali kubadilisha mistari miwili kungetosha. Pia dt isifuate kasi ya simu. Iweke 1/60 daima. Fremu ikichelewa, rudia hatua mara mbili au tatu ndani ya fremu moja.

Nimeandika sana juu ya derivativu na kidogo juu ya integrali, nayo ni makusudi. Integrali katika grafiki ni kujumlisha, na mashine inajumlisha vizuri kuliko sisi. Lakini kuna vitu viwili usivibahatishe.

Cha kwanza ni mwanga wa taa. Unapungua kwa mraba wa umbali, na tena unapungua kwa sababu unapiga maji kwa mshazari. Taa iliyo mita 1.5 juu ya maji: ukienda mita 3 pembeni, mraba wa umbali umeongezeka mara 5 na kosini ni 0.447, kwa hiyo mwanga unaofika ni karibu asilimia 9 ya ule wa chini ya taa. Wanaoanza hupunguza mwanga kwa mstari ulionyooka, na usiku wao haupati lile giza linaloanza ghafla nje ya mtumbwi.

Cha pili ni π. Ukijumlisha kosini juu ya nusu tufe yote iliyo juu ya uso, jibu ni π. Ndiyo maana rangi ya kitu kinachotawanya mwanga hugawanywa kwa π katika mbinu zinazofuata fizikia. Ukijaribu hesabu hiyo mwenyewe ukapata 2π, umesahau sini ya pembe inayotoka kwenye eneo la kipande cha tufe. Kosa hilo ni la kila mtu na linafundisha kuliko kusoma. Baadaye, ukiingia kwenye picha zinazofuatilia miali, utakutana na ikwesheni ya James Kajiya ya mwaka 1986. Ni integrali isiyotatuliwa kwa kalamu, hukadiriwa kwa sampuli za kubahatisha, na chembechembe za picha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Kuzipunguza nusu kunadai sampuli mara 4. Kwa laptopu yako, hilo liache kwa sasa.

Umbo la mtumbwi na njia ya kamera huchorwa kwa mikunjo ya Bézier, mistari laini inayoongozwa na nukta nne, P0 hadi P3. Ya kujua ni kwamba derivativu mwanzoni ni 3 × (P1 − P0) na mwishoni 3 × (P3 − P2). Mikunjo miwili ikiungana, nukta ya udhibiti ya kabla ya kiungo, kiungo chenyewe na ya baada yake ziwe kwenye mstari mmoja, la sivyo ubavu wa mtumbwi utakuwa na kona.

Kuhusu RAM yako ya 4 na simu: usijaribu kuvipa viwimbi umbo halisi. Eneo la mita 40 kwa 40 lenye gridi ya nukta 128 kwa 128 lina nukta 16,384, moja kila sentimeta 31 hivi. Wimbi la mita 4 linapata nukta zaidi ya 12, linatosha. Kiwimbi cha sentimeta 20 kingehitaji zaidi ya nukta 400 kila upande, yaani zaidi ya 160,000, na simu italala. Basi mawimbi makubwa yaingie kwenye nukta, viwimbi viingie kwenye nomali tu, vikihesabiwa kwa kila pikseli. Hapo ndipo ile k inakulipa: hukuhitaji kimo chao, ulihitaji mteremko wao. Viwimbi vya mbali vikiwa vidogo kuliko pikseli mbili, vipunguze taratibu hadi sifuri, maana vikibaki vitametameta ovyo.

Azima madaftari ya kaka yako. Chukua diferensiesheni mpaka kanuni ya mnyororo, ya kuzidisha na ya kugawa, pamoja na derivativu za sini, kosini na vipeo. Fanya maswali hayo kwa mkono mpaka yazoeleke, hapo hakuna njia ya mkato. Kisha nenda moja kwa moja kwenye mada ya mbinu za namba, ile yenye trapeza na Simpson (njia za kukadiria integrali kwa namba), ambayo wanafunzi wengi huisoma mwishoni kwa haraka. Kwako ndiyo ya pili kwa umuhimu. Kila fomula ya h unayobuni, ichore kwanza kwenye GeoGebra, programu ya kuchora grafu ambayo inafanya kazi bila intaneti, mchoro wa mteremko ukiwa chini yake, na uone kama mteremko unakuwa sifuri pale pale mgongo ulipo. Ukishaona hivyo kwa mawimbi matatu yaliyojumlishwa, fungua Godot, programu ya kutengenezea gemu, uandike sheda ya kwanza.